UZI: Comanche RAH-66, chopa tuliyoirusha kwa gemu kabla yenyewe haijapaa, halafu ikakatwa

RotaKuu (Nakuru)

Wasee nimechoka. Kila mtu akiweka picha ya ile chopa ya Generals (ile gemu ya vita ya kompyuta, Command & Conquer: Generals) lazima atokee mjuaji mmoja aseme ati Comanche ilikuwa takataka ndio maana Wamarekani waliitupa. Si kweli. Ile ndege ilipaa na ilipaa vizuri, kilichoiua ni kwamba kazi iliyoundiwa iliisha ikiwa bado iko karakana. Nataka tuongee hiyo stori hapa na nitachanganya na gemu ndani yake, kwa sababu tusidanganyane, nusu yetu tusingelijua hata jina lake kama si gemu.

Mwanzo wa miaka ya 1980 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa na chopa nyingi nyepesi za enzi za Vietnam zimezeeka, OH-6, OH-58, Cobra na zile Huey. Wakaanzisha mradi ukaitwa LHX. Wazo lilikuwa waunde familia moja ya chopa nyepesi ichukue nafasi ya zote hizo, na hesabu za mwanzo zilikuwa za maelfu, karibu ndege 5,000. Mwaka wa 1988 wakaita kampuni zilete michoro, zikajipanga timu mbili, Boeing na Sikorsky huku, Bell na McDonnell Douglas kule. Aprili 1991 Boeing na Sikorsky wakachukua kandarasi, ndege ikapewa jina RAH-66 Comanche.

Sasa angalia hiyo tarehe vizuri. Hii ndege ilichorwa ipenye katikati ya rada za Wasovieti kule Ulaya, ijifiche nyuma ya miti, ihesabu vifaru, itume habari nyuma kwa Apache, zile chopa za kushambulia, ndio Apache ipige. Kandarasi inatoka Aprili, na Desemba mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti unavunjika! Yaani adui alikufa kabla hata bolti ya kwanza haijafungwa.

Na bado wakaendelea. Ya kwanza ilipaa tarehe 4 Januari 1996 huko Florida, ya pili ikapaa 1999, na basi, ni hizo mbili tu dunia nzima. Tarehe 23 Februari 2004 jeshi likatangaza mradi umefungwa. Karibu dola bilioni 7 zilikuwa zishatumika. Kutoka 5,000 hesabu ilishuka ikawa 1,292, ikashuka tena ikawa 650, mwishowe sufuri.

Nitarudi na mambo ya umbo lake. Wa Generals mko wapi?

Omera_Kondele (Kisumu)

Niko hapa omera, umeniamsha. Generals tuliicheza hapa Kisumu hadi mwenye saiba akaanza kuficha ile kebo ya mtandao. Bob moja kwa dakika na gemu moja inaenda masaa mawili, hesabu mwenyewe hasara ya mama aliyekutuma sukari.

Mimi nilikuwa GLA daima, lile jeshi la waasi kwa gemu. Comanche zilikuja kwangu kama nzige na nilizimaliza zote na Quad Cannon, lile gari la mizinga minne ya kutungua ndege. Kwa hivyo samahani RotaKuu lakini kwa upande wangu hiyo chopa ni takataka tu 😂

RotaKuu (Nakuru)

@Omera_Kondele hapo ndio ninataka tufike sasa. Bei ya Comanche kwa Generals ni 1,500, Quad Cannon yako ni 700. Mtu anatumia 1,500 kupaa juu ya kichwa cha mtu wa 700 halafu anashangaa anaanguka. Hiyo hesabu ndiyo hiyohiyo iliyoiua ile ya ukweli.

Na kuna kichekesho kingine. Comanche halisi sifa yake kubwa ilikuwa kutoonekana kwa rada, lakini kwa Generals ya kawaida kila mtu anaiona, imejaa mwangani kama matatu ya Naks imepaki stendi. Ukitaka ile ya kujificha mpaka uwe na Zero Hour, ile nyongeza ya gemu, na uchague yule jenerali wa ndege, Granger. Tena sheria za gemu zikaipendelea pahali pengine, maana zile jeti lazima zirudi uwanjani kujaza makombora na Comanche inajijazia ikiwa palepale hewani. Sijui hayo makombora yanatoka wapi, labda Mungu anashusha.

Generals ilitoka Februari 2003. Mradi ukafungwa Februari 2004. Mwaka mmoja tu. Watengenezaji waliiweka wakiamini ndio chopa ya Marekani ya kesho, gemu ikiwa bado moto moto kwa saiba zetu, kesho yenyewe ikafutwa.

Kasuku_Bungoma

Mulembe wakuu. Swali la mtu asiyejua: hiyo kutoonekana kwa rada inawezekanaje na mapanga yanazunguka pale juu? Ndege ya kawaida nakubali, lakini chopa?

RotaKuu (Nakuru)

Swali zuri @Kasuku_Bungoma, na jibu ni kwamba haikuwa "haionekani", ilikuwa inaonekana kidogo sana na kwa kuchelewa. Kwa chopa inayonyemelea mita chache juu ya ardhi hicho kidogo kinatosha.

Mwili wake wote ulikuwa wa pande bapa zilizolala kwa pembe ili mawimbi ya rada yakigonga yaende kando yasirudi yalikotoka. Shina la mapanga ya juu likafunikwa. Magurudumu yanaingia ndani. Sasa makombora, hapa ndio walifikiri sana, kwa sababu Apache imebeba kila kitu nje na kila kombora linaloning'inia ni kioo cha rada, Comanche ikawa na milango ubavuni, kila mlango una Hellfire 3 zimefungwa upande wake wa ndani, mlango ukifunguka unageuka kuwa bawa dogo, unafyatua, unafunga. Jumla 6 ndani. Wakitaka kubeba zaidi wanaongeza mabawa ya nje lakini hapo basi ule ujanja wa kujificha umeuweka kando.

Mzinga wake ulikuwa wa mitutu 3, milimita 20, na ukimaliza kupiga unageuzwa unalala nyuma chini ya tumbo. Moshi wa injini nao haukutoka juu kama kawaida, ulipitishwa ndani ya mkia, ukachanganywa na hewa baridi, ukatolewa kwa nyufa ndefu kuelekea chini, ndio makombora yanayofuata joto yasipate pa kushika. Mapanga ya juu 5, ya mkia 8 na yamefichwa ndani ya duara. Watu waliosimama karibu nayo walisema kelele yake haikufanana na chopa walizozoea.

Rubani anakaa mbele, kinyume na Apache ambapo rubani yuko nyuma. Na usukani ni wa umeme mtupu, hakuna nyaya na vyuma vya kuvuta.

Mama_Pixel (Kakamega)

Nyinyi wa Generals mmekuja kuchelewa wanangu. Comanche ya kweli kwa gemu ni ya kampuni ya NovaLogic, Comanche: Maximum Overkill, 1992. Nilikutana nayo kwa kompyuta ya ofisi ya marehemu baba, mashine ya DOS, na nitawaambia kwa nini ile gemu ndio ilinifanya nisomee programu.

Wakati ule gemu zote za ndege zilikuwa za pembetatu. Mlima ni pembetatu tatu za kijani, nyumba ni sanduku. Halafu unawasha Comanche unaona mabonde, makorongo, mito inapinda, ardhi yenye mikunjo kama vile uko juu ya Bonde la Kerio, na hiyo ni kompyuta ambayo haina kadi ya grafiksi yoyote ya maana. Tulidhani ni uchawi.

Ujanja wenyewe waliuita Voxel Space. Nitaeleza pole pole. Una picha mbili za ramani ileile. Picha ya kwanza haina rangi, kila nukta ni namba ya urefu wa ardhi pale, kutoka 0 hadi 255. Picha ya pili ni rangi za ardhi hiyohiyo, na kivuli kimeshachorwa humo humo. Sasa programu inachukua kioo, safu moja moja ya kusimama, na kwa kila safu inatembea mbele juu ya ramani kutoka karibu na macho yako kuelekea mbali. Kila hatua inauliza: hapa ardhi ina urefu gani, na kutoka umbali huu itaonekana kimo gani kwa kioo? Kama kimo kimepita kile ulichokwisha chora, unachora mstari wa kusimama wa rangi ile hadi pale. Kama hakijapita ina maana kuna kilima mbele kimekifunika, unaruka. Basi. Ndio yote! Leo mwanafunzi mwenye akili anaandika hiyo kitu kwa mistari isiyofika 20, na mimi huwa nawapa wanafunzi wangu kama zoezi, wakiona mlima umejitokeza kwa kioo wanapiga kelele darasani.

Aliyeiandika ni Kyle Freeman, na alitumia lugha ya Assembly maana bila hivyo mashine za 386 zingelala.

Halafu RotaKuu umeruka jambo. 1992 chopa yenyewe haikuwa imepaa. Ilikuwa michoro na sanamu ya mbao. Sisi tuliirusha miaka mitatu na zaidi kabla ya rubani yeyote duniani.

Kijana_wa_Section58 (Nakuru)

Shkamoo @Mama_Pixel. Sasa kama ni rahisi hivyo mbona gemu za siku hizi hazitumii?

Mama_Pixel (Kakamega)

Marahaba kijana. Hazitumii kwa sababu kadi za grafiksi zilikuja na kadi zinapenda pembetatu. Ile hesabu ya safu kwa safu inafanywa na prosesa yenyewe, kadi inakaa tu bure inatazama. Kwa hivyo kufika mwisho wa miaka ya 90 wenzao wanachora pembetatu maelfu kwa maelfu na wao bado wanahangaisha prosesa. NovaLogic walisukuma mpaka Comanche 3 ya 1997 na Delta Force ya 1998, ndio, ile Delta Force ya saiba, ile nyasi yake iliyokuwa kama mchele umemwagika ndio vokseli hizohizo. Kufika Comanche 4 mwaka wa 2001 wakaachana nazo wakaenda kwa pembetatu kama kila mtu. Na mtambo wa Comanche 4 ndio uliobeba Delta Force: Black Hawk Down ya 2003, ile ya Somalia.

Kuna udhaifu mwingine. Ukiwa na picha ya urefu, kila pahali pana urefu mmoja tu. Huwezi kuwa na pango. Huwezi kuwa na daraja unalopita chini yake, labda ulichore kando. Na huwezi kuinamisha macho sana, ndio maana zile chopa zilikuwa zinapaa kistaarabu mno.

Omera_Kondele (Kisumu)

Mama umenifanya nijue leo kwa nini kwa Delta Force nilikuwa napigwa risasi na mtu simwoni, kumbe amelala ndani ya mchele 😂😂

Kasuku_Bungoma

Mbona hamuongei ile gemu ya kampuni ya EA ya kabla ya hapo? LHX Attack Chopper, 1990. Hiyo ilitoka hata kabla mshindi wa kandarasi hajatangazwa. Yaani gemu ya ndege ambayo haikuwa imeamuliwa itafanana na nini. Binamu yangu alikuwa nayo kwa flopi mbili tatu, na ile chopa waliyochora haifanani kabisa na Comanche iliyokuja.

Mzee_Kipchoge_wa_Redio (Eldoret)

Hamjambo vijana. Mimi si mtu wa gemu, ni mtu wa redio na mitambo, lakini nimefuatilia hii stori ya LHX tangu ikiwa kwa magazeti. Niongeze moja iliyo karibu na nyumbani. Katika zile ndege ambazo LHX ilikuwa izitupe iko OH-6. Sasa ile MD 500 yetu, ile kijichopa cha kichwa mviringo kama yai ambacho jeshi letu limerusha toka miaka hiyo ya 80, ni ndugu wa damu wa OH-6. Na mwanzoni mwa mwaka wa 2020 Kenya ikapokea sita mpya za MD 530F, ukoo uleule, pale Embakasi.

Kwa hivyo fikirini. Chopa iliyokuwa ichukue nafasi imelala makumbusho, zote mbili, kule Alabama. Na ile iliyokuwa iondolewe bado inatoka kiwandani na inapaa hapa kwetu. Unajua kwa nini? Ni ndogo, ni rahisi kurekebisha, fundi anaifungua akiwa amesimama chini. Kombora la TOW ambalo zile MD 500 za zamani zilibeba linavuta waya nyuma yake hadi linapogonga, halifiki hata kilomita 4, Hellfire inafika 8. Si silaha ya kutisha mkubwa wa dunia. Lakini inapaa.

Kijana_wa_Section58 (Nakuru)

Mzee hapo naomba nikupinge kwa heshima. Inapaa ndio, lakini mbele ya mtu mwenye makombora ya begani hiyo MD itadumu dakika ngapi? Comanche angalau ingerudi nyumbani. Kupaa peke yake si hoja, hata zile chopa za wanasiasa zinapaa kila Jumapili Afraha.

Mzee_Kipchoge_wa_Redio (Eldoret)

Kijana sikukatai. Lakini hata hiyo Comanche nani amesema ingerudi? Rada haiioni, sawa. Mtu aliye juu ya paa na AK yake hahitaji rada, anaiona kwa macho.

Someni ya Karbala. Usiku wa 24 Machi 2003, Iraq, Apache takriban 30 zinaenda kupiga kikosi cha walinzi wa Saddam. Zinapita juu ya mji. Taa za mji mzima zikazimika sekunde chache, halafu zikawaka. Ilikuwa ishara. Kila aliyekuwa na bunduki chini akaanza kupiga juu, risasi za kawaida kabisa. Moja ikaangushwa, marubani wawili wakashikwa, na karibu zote zilizorudi zilikuwa na matobo. Hakukuwa na kombora la maana pale.

Omera_Kondele (Kisumu)

Machi 2003. Generals imetoka Februari 2003. Kwa hivyo mwezi mmoja baada ya gemu GLA wakaicheza live?? Quad Cannon hoyeee

RotaKuu (Nakuru)

Acha utani bana walikufa watu kwa hivyo vita. Lakini Mzee ametoa ushahidi ambao ningetoa mimi. Karbala ilitikisa sana ile imani ya kutuma kundi la chopa ndani kabisa ya adui. Miezi kumi na moja baadaye Comanche ikafungwa, na ingawa siwezi kusema Karbala peke yake ndio ilifanya hivyo, mwaka ule kila mkuu wa jeshi pale alikuwa anaangalia Iraq na Afghanistan na kujiuliza anahitaji nini sasa hivi. Anahitaji vifaa vya kukinga Apache na Black Hawk alizo nazo zisitunguliwe. Anahitaji ndege zisizo na rubani za kupeleleza. Pesa za Comanche zikapelekwa huko huko, hiyo ilisemwa wazi siku ile ya kutangaza.

Na hapo ndio roho ya hoja yangu. Comanche kazi yake ya kwanza haikuwa kupiga, ile R mwanzoni mwa RAH ni ya upelelezi. Mtu anaenda mbele, anachungulia, anarudisha habari. Sasa droni inakuja inafanya hiyohiyo, inakaa hewani masaa mengi, ikitunguliwa hakuna mama anayelia. Utamshawishi nani atoe zaidi ya dola bilioni 30 kwa mradi mzima ili watu wawili wakae ndani ya kitu kinachofanya kazi ya droni?

Uzito pia, nisifiche. LHX ilipangwa iwe na chini ya tani 3 na nusu ikiwa tupu. Kila mwaka mtu anaongeza kitu, rada ya Longbow juu, vifaa huku, mpaka ikapita tani 4. Chopa ikinenepa injini zinahema, hasa kukiwa na joto na uko juu ya milima. Hiyo ni shida ya ukweli na waliipigania hadi siku ya mwisho. Lakini ndege ngapi zimenenepa na zikanunuliwa tu? Apache yenyewe kila toleo linaongezeka kilo.

Kijana_wa_Section58 (Nakuru)

Sawa nimeelewa. Lakini kama hoja ni droni, mbona Warusi na Ka-52 yao walifanya kazi Ukraine? 2023 Waukraine wakisukuma kusini, Ka-52 zilisimama mbali zikarusha makombora zikavunja magari ya vita mengi. Hiyo si chopa?

RotaKuu (Nakuru)

Ni chopa, na uliona ilivyofanya? Ilisimama MBALI. Mwaka wa 2022 zilipokuwa zinaingia ndani, kuanzia ule uvamizi wa uwanja wa ndege wa Hostomel siku ya kwanza, zilitunguliwa vibaya, makumi ya Ka-52 yameshaangamia tangu vita ianze. Zilipoanza kukaa nyuma ya mstari wao na kurusha kombora la masafa, zikapona na zikaua. Hiyo ni kama gari la makombora lenye uwezo wa kuruka. Comanche ilichorwa kwa falsafa ya kinyume kabisa, kukaribia bila kuonekana.

Na Wamarekani hawakujifunza mara moja. Baada ya Comanche wakajaribu chopa nyingine ya upelelezi, ARH-70, ikafungwa 2008. Wakastaafisha Kiowa, ile OH-58, bila mrithi. Wakaja na mradi wa FARA, Bell wakaleta 360 Invictus, ambayo ukiiangalia kwa haraka unaapa ni mtoto wa Comanche, Sikorsky wakaleta Raider X, na Februari 2024 hiyo nayo ikafungwa, miaka 20 kasoro wiki chache baada ya Comanche. Sababu waliyotoa ni yale waliyoyaona Ukraine, droni. Kazi ileile imeua ndege tatu.

Mama_Pixel (Kakamega)

Na gemu nayo ilinasa hapo hapo. 2016 THQ Nordic walinunua mali za NovaLogic, halafu 2020 ikatoka Comanche mpya iliyotengenezwa na Nukklear wa Ujerumani. Unajua waliweka nini? Rubani anapaki chopa pahali, anatoa droni ndogo, anaiendesha ndani ya jengo la adui. Nilicheka. Yaani hata wao walijua chopa peke yake haibebi stori tena.

Gemu yenyewe lakini sikuipenda. Imekuwa ya kukimbizana na kupigana kwa njia nyembamba kama mchezo wa magari, hakuna ile kunyemelea. Kwa Maximum Overkill ulikuwa unajificha nyuma ya kilima, unapanda kidogo unachungulia, unafunga shabaha, unashuka. Hiyo ndio kazi ya chopa na gemu ya 1992 iliifunza vizuri kuliko ya 2020.

Kasuku_Bungoma

Na Enemy Engaged ya Razorworks? Comanche vs Hokum, 2000. Pale Comanche inakabiliana na Ka-52 na vita inaendelea yenyewe hata ukiwa umekaa tu. Mimi naona hiyo ndio ilikuwa gemu kamili kuliko zote, shida ilihitaji kukumbuka vitufe vingi kuliko vya kinanda cha kanisa.

RotaKuu (Nakuru)

@Kasuku_Bungoma hapo nakuunga mkono kabisa. Enemy Engaged ndio pekee iliyonifanya nihisi zile milango ya makombora zina maana. Ukizifungua tu unaona kwa kioo kwamba rada za adui zinakunasa mapema, kwa hivyo unajifunza kufungua, kupiga, kufunga, kuhama. Generals haikufunzi hayo, Generals inakufunza kutuma nane kwa pamoja.

Kitu cha mwisho kwa wanaosema ilikufa bure. Injini yake, T800, haikufa. Toleo lake la kuuza, CTS800, ndio liko ndani ya T129 ATAK ya Waturuki, ile ambayo hata Nigeria wameinunua, na ndani ya Wildcat ya Waingereza. Na mwaka wa 2011 usiku ule wa Osama kule Abbottabad, Pakistan, ile chopa ya Wamarekani iliyoanguka iliacha mkia nje ya ukuta, asubuhi picha zikasambaa dunia nzima, mkia umefunikwa shina lake na una pembe za ajabu, kila aliyekuwa amefuatilia Comanche alijua anaangalia mawazo ya ukoo gani.

Omera_Kondele (Kisumu)

Poa poa nimekubali, nafuta neno takataka. Sasa tuache historia, nani anajua kuwasha Generals kwa Windows 11? Nimeweka, nabonyeza, inaniambia kuna hitilafu kubwa na inajifunga. Niko na vijana wanne hapa mtaani hawajawahi kuniona nikiwa GLA na wanaongea sana.

Kijana_wa_Section58 (Nakuru)

Mkubwa hiyo ni faili ya Options.ini haipo. Gemu inaitafuta kwa folda yake ndani ya Documents, isipoikuta inakufa. Tafuta GenPatcher, ni ya bure, imetengenezwa na wachezaji wenyewe, inakuwekea hiyo faili na inarekebisha mambo mengine mengi pamoja na kioo kipana. Na kwa LAN, kabla hamjaanza kila mtu aingie kwa Options za gemu achague anwani ya IP ya mtandao mnaotumia, mkiacha ile ya kwanza hamtaonana. Ukuta wa moto (firewall) wa Windows pia uuambie uiruhusu gemu.

Halafu Februari 2025 EA waliachilia kodi yote ya programu (source code) ya Generals na Zero Hour bure, kwa hivyo kuna watu wanaichokonoa sai, matoleo mapya yanakuja.

Mama_Pixel (Kakamega)

Kodi nimeishusha. Nikipata wikendi nataka nione ile Comanche inajijazia makombora vipi hewani, nimwambie RotaKuu.

Omera_Kondele (Kisumu)

Imewaka!! Asante sana kijana. Sasa RotaKuu njoo na huyo Granger wako Jumamosi usiku, tutumie Radmin kuunganisha mashine zetu kwa mtandao, mimi GLA. Sheria moja: hakuna kushambulia dakika kumi za kwanza.

RotaKuu (Nakuru)

Dakika kumi ndio ujaze ramani na Quad Cannon? Tano.

Omera_Kondele (Kisumu)

Saba, na stima ikipotea upande wowote mechi inarudiwa.

RotaKuu (Nakuru)

Sawa saba. Mzee Kipchoge awe refa.

Mzee_Kipchoge_wa_Redio (Eldoret)

Nitumieni kwanza hiyo GenPatcher.